Kitambaa Juu ya Diski

Jumamosi, Jang'ombe. Joto la kaskazi limekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Upepo hakuna, pazia halitikisiki. Nimechoka kwa hasira, nayo hasira yenyewe imeshanitoka.

Bibi yangu, mzaa mama, alifariki mwaka jana kwao Makunduchi. Miezi yake ya mwisho nilimrekodi: hadithi, nyimbo alizokuwa akiimba huku akisuka ukili wa mkeka, ugomvi wake na kuku wa jirani. Rekodi zote zimo kwenye diski moja ya kuchomeka kwenye laptopu. Mama hajawahi kuzisikiliza. Kila nikimwambia, hukumbuka kazi jikoni.

Asubuhi nilinunua diski ya pili, nikaanza kunakili, nikaenda sokoni Darajani.

Niliporudi, ile diski ya bibi ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kimekunjwa mara mbili, vishada vinaning'inia vizuri. Kwetu kila kitu huvishwa: televisheni, redio, friji, hata mtungi wa gesi una nguo yake. Ila diski inayofanya kazi inataka kupumua. Niliigusa nikarudisha mkono. Laptopu ilionesha nyuzi joto sitini na moja, na kiwandani wameandika isizidi sitini. Mimi ikipita arobaini na tano tu, roho hainitulii. Kunakili kulikuwa kumekwama.

Nikaizima. Nikafungua friji, nikaifunga tena. Kwa unyevu wa hewa yetu, ukiitia kwenye baridi ghafla itatoka jasho kwa ndani, na hilo jasho ndilo litakaloimaliza.

Nikampandishia mama sauti. Sikuwahi kumfanyia hivyo maishani mwangu.

Alisubiri nimalize, kisha akasema taratibu, "Si ulinambia mama yumo humu? Nkaona haifai kumwacha wazi, nkamfunika."

Kitambaa chenyewe alikifuma bibi.

Niliona haya mpaka nikakaa chini. Nilimwomba radhi, akasema yameshakwisha, lakini hakuniangalia.

Tukaiweka sakafuni, kwenye vigae, feni ikiipulizia kwa mbali. Mama akawa anakuja kuigusa kwa mgongo wa kiganja, kama anapima homa ya mtoto. "Bado moto," anasema, anarudi jikoni. Mimi nilikuwa nikiomba Mungu kimoyomoyo.

Baada ya sala ya alasiri ilikuwa imepoa. Niliikalisha juu ya vizibo vinne vya soda, hewa ipite chini, nikaiwasha. Ikanguruma, ikafunguka. Nyuzi joto thelathini na tisa. Safari hii sikubanduka mpaka faili la mwisho likaingia.

Nikafungua rekodi moja nihakikishe kwamba imesalimika. Nilisahau kupunguza sauti. Bibi alikuwa anacheka, akakohoa, kisha akaita kwa nguvu zake zote, "Zuhura!"

"Naam, mama," akaitika mama yangu kutoka jikoni.

 Mlio wa sufuria ukakatika. Nilitaka kuizima rekodi, nikashindwa.

Mama alikuja na mikono yake ya unga, akakaa sakafuni karibu yangu, akasema niiache iendelee. Tukasikiliza mpaka magharibi. Alilia, nami nililia.

Sasa diski imezimwa na imepoa. Nimeifunika mimi mwenyewe.