Alama za Baba

Tarehe 4 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko? Mimi sijambo, ila hiki chumba cha kufulia cha hoteli kitanimaliza. Siku nzima napiga pasi mashuka. Jioni hata kijiko kinanilemea. Nakutumia kitabu cha kuchekesha, cha kwanza katika mfululizo, kimeandikwa kama mchezo wa kompyuta. Tangu mama atutoke najua nyumba imekupwaya.

Mwanao

Tarehe 27 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Kitabu nimekipata. Karani wa posta anatumbukia shimoni, na kila akiua zimwi anasomewa alama kama mtahiniwa: Nguvu, Akili, Afya. Zimwi la kwanza lilimdai fomu, nakala tatu! Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Afya yake inaelea juu ya kichwa, kila mtu anaiona, haulizwi wala hajielezi. Yangu leo ni 61 kwa 100.

Baba yako

Tarehe 15 Machi

Baba,

Shikamoo. Eti 61! Wenzangu wamecheka, sasa kila mtu hapa ana alama zake. Mimi Afya 70, Uchovu 99. Usiache kunitumia zako.

Mwanao

Tarehe 2 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Nasoma polepole, kurasa nne tu, pumzi zinakata. Karani amefika ngazi ya tisa. Mimi Afya 34.

Baba yako

Tarehe 20 Aprili

Baba,

Shikamoo. 34! Umepigana na zimwi gani huko, au ni yule jirani yako mgomvi? Tulivyocheka, msimamizi akaja kutufokea.

Mwanao

Tarehe 1 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nilikuwa nimelazwa. Sikuwa natania, mama. Miaka yote nimekuandikia "mimi mzima wa afya" kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza. Moyo unanisumbua tangu mwaka jana, na sikujua pa kuanzia kukwambia. Namba ilikuwa rahisi. Usiache kazi kwa ajili yangu. Kitabu sijakimaliza, nimechoka.

Baba yako

Tarehe 12 Juni

Baba,

Shikamoo. Safari hii sikuulizi hujambo. Nimeona haya kwa kicheko changu, nimelia mbele ya watu. Msimamizi kaninyima ruhusa. Nimemwachia pasi yake ingali ya moto. Naandika kwa sababu nikikuona mdomo utakuwa mzito. Usihangaike kujibu. Barua hii naileta mwenyewe.

Mwanao