Sarafu ya Mpiga Zeze wa Mashoto

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini huko uliko hawakukatazi kupiga zeze, maana kunyamaza hukukuweza tangu zamani.

Naanza na lile linalonisumbua. Ile sarafu yenye mpiga zeze haikutoka benki. Niliichonga mimi, hapa hapa dukani kwangu Utemini, kwa mashine ninayochongea majina kwenye vikombe vya ligi za mtaa. Nilikuacha uamini uongo, na ukazikwa sijasema.

Chanzo cha yote ni yule muuguzi mgeni wa zahanati ya kijijini, nikiwa mdogo. Siku ya kumuaga ulimpigia zeze, naye akakuachia sarafu ya kwao yenye picha ya kinubi. Jioni uliigeuzageuza mpaka ugali ukapoa. "Hawa wameweka zeze lao kwenye pesa," ulisema. "Sisi tunangoja nini?" Toka hapo kila chenji iliyoingia nyumbani lazima uigeuze kwanza. Faru yupo, swala yupo, simba yupo, baadaye nyati naye akaja. Unaguna: "Pori zima limepata nafasi, mpiga zeze bado." Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma.

Siku hizo tulikuwa tunatoka pamoja, unakumbuka? Wewe na zeze lako, upinde mkono wa kushoto, mimi binti yako pembeni na marimba yangu ya mkono, vidole gumba vimeota sugu. Harusi ngapi pale kijijini Mwankoko tulizichangamsha! Nilipoingia sekondari nikaanza kuona haya, marimba nikaiweka juu ya kabati. Hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza.

Presha ya macho ilipokuondolea nuru, mchezo wetu haukuisha. Kila Jumapili nikija unanyoosha kiganja nikuwekee chenji.

"Mama, wameweka zeze?"

"Bado, baba."

Unaguna, unatania, tunacheka. Ila Jumapili moja hukuguna. Ulisema tu "haya", ukanirudishia chenji yangu. Hiyo "haya" ndiyo iliyonishinda.

Nikatafuta kipande cha shaba njano, nikachimba kuizunguka picha ili isimame na kidole kiweze kuisoma. Wiki iliyofuata nikaingia uani kwako kwa kelele: "Baba, imetoka!" Uliipapasa muda mrefu. Kibuyu. Nyuzi mbili. Mtu kwenye kigoda. Upinde.

"Huyu ni wa mashoto," ukasema.

Nilikuchonga wewe bila hata kufikiri, kwa sababu nikifumba macho mpiga zeze mwingine simwoni. Nikababaisha: "Labda mchoraji amekosea."

"Hajakosea," ulisema, ukaitia mfukoni.

Basi ukaanza ombi jipya. "Mama, huyu bwana yuko peke yake. Lini watamwekea mtu wa marimba?" Nami najibu, "Serikali ina mambo mengi, baba." Jumapili hii, Jumapili ijayo, swali lile lile na jibu lile lile, na mimi najiona mwerevu. Mara ya mwisho uliniuliza ukiwa kitandani hospitali, sauti imebaki kidogo tu. Nilikwambia wataitoa karibuni.

Wiki iliyopita Mzee Njiku, rafiki yako wa pale kwenye benchi la mashine ya kusaga, alikuja dukani kuchongesha muhuri wa kikundi chao cha wafuga nyuki. Alipoketi akakumbuka siku ulipopungukiwa hela ya soda, na muuza duka akasikia sarafu ikilia mfukoni mwako.

"Muuza duka akamwambia atoe na hiyo," Mzee Njiku akasimulia. "Baba yako akakataa. Akasema, hii hainunui kitu, kijana. Hii kanichongea binti yangu. Halafu akatugeukia: mkimwona msimwambie kwamba najua, ataona haya. Nimeshamwomba ya pili, nangoja."

Alipoondoka nilirudishia mlango nikalia, baba. Kumbe ulikuwa unaniomba mimi. Mwaka mzima umeniomba mimi, nami nakupeleka serikalini! Wala haikuwa kazi kubwa. Mchana mmoja tu ungetosha, na ungeipapasa kwa mkono wako.

Nimeichonga juzi. Ni binti ameketi chini, marimba mapajani, vidole gumba juu. Kichwa nimekiinamisha kidogo kuelekea kushoto, kama nilivyokuwa nikikutazama ili nisipitwe. Ile ya kwanza tuliikuta kwenye koti lako, imelainika kwa kushikwa. Nimezifunga zote mbili kwenye kitambaa kimoja na kuzitia ndani ya kibuyu cha zeze lako. Ukilitikisa zinagongana.

Marimba pia nimeishusha kutoka juu ya kabati. Chuma kimoja kimelegea, sugu zangu hazipo tena, na juzi nilipojaribu jirani aliuliza kama nagonga sufuria. Lakini vidole vinakumbuka kidogo kidogo. Jumapili nitakuja kaburini kwako nikiwa na marimba, nikae upande wako wa kulia, pale pale nilipokuwa nakaa. Nikikosea, guna tu.

Nakuaga kwa leo, baba. Mvua imekatika na wateja wameanza kuja.

Ni mimi,
binti yako, mtu wako wa marimba.