KUMBUKUMBU ZA KIKAO KUHUSU ALAMA NNE ZA MAJI ZILIZOPOTEA TANGINI

Siku: Jumapili, tarehe 9, saa 1:30 asubuhi.
Mahali: Chumba cha ndani cha mashua ya matanga ya chama, ikiwa imetia nanga.
Waliohudhuria: Mwenyekiti, ambaye ndiye nahodha (tunamwita Tone, kwa sababu anayahesabu matone ya maji), Fundi wa matanga, Mpishi (ambaye ni shemeji yake Mwenyekiti), na Katibu.
Wasiohudhuria: Hakuna. Wangeenda wapi, na pande zote ni maji ya chumvi?

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA
Katibu alijulisha kikao kwamba tangu achaguliwe hajasinzia hata mara moja. Mpishi alimkumbusha kwamba kikao kilichopita alikoroma. Katibu alikubali.

KUMB. NA. 2/3: MAJI
Mwenyekiti alieleza kwamba jana tangi la lita 120 lilijazwa gatini kabla mtu hajapanda, na kijiti cha kupimia kikalowa hadi alama ya kumi na mbili, kila alama lita kumi. Leo, wajumbe wakiwa kwenye chai, kilisoma nane. Kwa lita tatu za kila mtu kwa siku, ilipasa ipungue alama moja na kidogo. Alisema kwa mwendo huo safari ya siku nane ya wiki ijayo itatukuta tunalamba tanga.

Aliongeza, bila kumtaja mtu, kwamba tangi liko chini ya kitanda cha Mpishi na kwamba nywele za Mpishi zinang'aa.

Mpishi: "Shemeji, lita arobaini ningeziogea wapi humu, kwenye sufuria ya uji?"

Mwenyekiti alipendekeza Mpishi abaki nchi kavu. Fundi aliunga mkono huku akitazama dari. Mpishi alisema likizo yake yote ya mwaka ameichukua kwa ajili ya safari hiyo.

Ieleweke kwamba tangu chai wajumbe watatu walikuwa wamebanana kwenye kiti cha kushoto, na Mpishi yuko kulia peke yake kama mwenye upele.

KUMB. NA. 3/3: KUPIMA UPYA
Mpishi alidai kijiti kitumbukizwe mbele ya wote. Kikasoma nane. Akasema, "Atakayehamia huku nampa chai ya pili." Katibu alihama, kwa ajili ya haki. Mashua ikanyooka. Kijiti kikasoma kumi.

Ilionekana kwamba mdomo wa tangi uko ubavuni kabisa, upande wa kulia. Watu watatu wakikaa kushoto, mashua inalala, maji yanakimbilia ndani, na kijiti kinapima pembe iliyokauka.

Fundi: "Kumbe tumeyaiba kwa makalio!"

Mwenyekiti alifuta pendekezo. Alitakiwa kuomba radhi. Aliomba, kwa sauti ya mbu. Iliamuliwa kwamba Mpishi anasafiri, na kupima ni watu wawili kila upande.

Bado karibu alama moja haijulikani iliko. Mpishi aliuliza mbona shati la Katibu lililoanikwa nje ni laini, halina chumvi. Katibu ameliandika swali hilo kama lilivyoulizwa.

Wajumbe walitawanyika, hatua mbili kila mmoja, saa 2:10.

Sahihi: Mwenyekiti ..............  Katibu ..............

Nyongeza: Chai ya pili haijafika. Dada Mpishi, tafadhali. Mpaka sasa nimekaa upande wako.