Mama Mkwe Anahamishwa kwa Harufu Isiyo Yake

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee tu, shikamoo haiozi. Naomba unisaidie, na naomba usinihurumie mpaka ufike mwisho wa barua, maana mwanzo wake unanipendelea.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nakaa mapokezi katika kliniki ya meno, kazi ambayo ukiifanya miaka kumi na miwili unajifunza kutabasamu mbele ya mdomo wa aina yoyote bila uso wako kusema kitu, na nadhani ni huko nilikojifunza haya nitakayokusimulia. Mume wangu ni mpima ardhi, watoto wetu wawili wako shule ya bweni, tunaishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili vya kulala na sebule. Miaka mitatu iliyopita tulifunga kiyoyozi chumbani kwetu, kimoja tu, kwa sababu chumba kile kinapigwa na jua la mchana mpaka ukiugusa ukuta unarudisha mkono. Nilikipenda kiyoyozi kile, sitaficha, nilikuwa nikitoka kazini nawasha, nalala chali na viatu vyangu, dakika ishirini hivi, ndipo nakuwa mtu wa kuongea na watu.

Mwaka jana mama mkwe wangu alivunjika nyonga akaja kwetu kuuguzwa, na mume wangu, bila kuniuliza, akasema mama apewe chumba chenye ubaridi, sisi tukahamia kile cha upande wa barabara chenye feni inayozungusha joto kama mtu anayekoroga uji. Nilisema sawa. Kitanda nilikitandika mwenyewe, tena kwa mashuka mapya. Mume wangu akaziba dirisha la mama kwa sponji na selotepu pana ili baridi isipotee, mashine ikawa inawaka mchana na usiku.

Mwezi wa nne au wa tano harufu ikaanza, nzito, chachu, kama taulo lililosahauliwa kwenye ndoo, na mama naye akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, zaidi asubuhi. Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia mume wangu, "Mama anaanza kunuka." Akasema, "Ni uzee huo," akampigia dada yake, na wifi yangu akaja Jumamosi na pakiti ya nepi za watu wazima, akaiweka kitandani mbele yangu, akasema, "Mama, hizi ni za kukusaidia, usione aibu." Mama aliitazama kama mtu anayetazama mzigo wa jirani ulioletwa kwake kwa makosa. Akasema, "Haya, mwanangu." Hakuifungua.

Kuanzia siku ile akawa anaoga mara tatu kwa siku na ile nyonga yake, anafua mashuka kwenye beseni huku ameketi, ikifika saa kumi alasiri hanywi tena maji, na wageni wakija anavuta kiti chake mpaka karibu na mlango. Siku moja niliingia bila kubisha nikamkuta ananusa mkono wa gauni lake, kisha kwapa, kisha mkono tena, kama mtu anayetafuta kitu alichoambiwa kipo. Nilirudi nyuma taratibu, nikanunua marashi ya kopo nikawa napuliza chumbani asubuhi na jioni, na kikohozi kikazidi. Mume wangu na wifi wakakubaliana kwamba mwisho wa mwezi mama ahamie kwa wifi, kwenye chumba cha uani, na mimi nikasema sawa, na safari hii ilikuwa sawa ya kweli.

Sasa sikiliza. Jumanne ya wiki iliyopita kiyoyozi kilianza kutiririsha maji ukutani. Mume wangu alikuwa kazini, mama yuko kibarazani. Nikamwita fundi, mtu mrefu anayeongea polepole. Akafungua kifuniko, akaniuliza, "Dada, hii mliisafisha lini mara ya mwisho?"

Nikamwambia, "Tangu ifungwe haijaguswa."

Akachomoa chujio, limevaa vumbi nene kama sweta. Akanimulikia ndani kwa tochi, feni yote imeota ukungu mweusi, na chini, kwenye kile kitrei cha kukinga maji, kuna uteute mweusi umeganda, bomba la kutolea maji limeziba. Akaniambia, "Sogea unuse." Nikasogea. Ilikuwa ile ile. Ile harufu niliyompa mama mkwe wangu.

"Nani analala humu?" fundi akauliza.

"Mama."

"Anakohoa?"

Nikatazama kibarazani. Akasema, "Humu hewa haiingii wala haitoki, dada, inazunguka tu. Inapita kwenye uchafu huu, inamrudia yeye. Nipe saa mbili niioshe yote."

Na mimi, mshauri, kwa sauti yangu ya mapokezi, nikamwambia, "Zibua tu bomba, ukuta usilowe. Kuosha utakuja mwezi ujao."

"Kwa nini mwezi ujao?"

"Mama hapendi kelele."

Alinitazama kidogo, akazibua bomba, akarudisha kifuniko, akaenda zake.

Leo ni siku ya tisa. Hakuna anayejua. Mama ameshaanza kukunja nguo zake. Jana nilipompelekea chakula aliniuliza, "Mwanangu, hivi na kule kwa wifi yako wataisikia?" Nikamjibu, "Hapana, mama," na hilo ndilo neno la kweli pekee nililomwambia mwaka huu. Naomba unishauri: je, siwezi kuacha aende, kisha niseme fundi amegundua baadaye? Nikisema sasa, mume wangu atazihesabu hizi siku tisa. Nilitaka chumba changu tu. Sitaki kuonekana mbaya, ingawa naona nimejaza kurasa mbili kuthibitisha.

Ni mimi,
Mke wa Mwanawe


MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Mwanawe,

Nimefika mwisho kama ulivyoomba. Huruma ninayo, lakini kwenye foleni ya kuipokea wewe si wa kwanza.

Tuanze na haki yako, kwa sababu unayo. Mumeo alikosea kukuhamisha chumbani kwako bila kukuuliza. Ungegomba siku ile, tena kwa sauti, mngenuniana wiki moja yakaisha. Wewe ukasema sawa, ukatandika mashuka mapya, na ugomvi wa mume ukampelekea mama yake.

Kuhusu harufu, kabla fundi hajaja ulikosea kama wengi wanavyokosea. Watu tunafua mapazia, tunaosha mpaka madirisha, lakini mashine inayotupulizia usoni usiku kucha tunaiona kama saa ya ukutani, tukiamini kwamba ikiwaka basi ni nzima. Kwa hilo sikulaumu sana. Lakini tangu Jumanne ile hukosei tena, unatenda. Umemwacha mtu mzima mwenye kifua kibovu avute ukungu kwa siku tisa ili harufu ibaki mpaka aondoke nayo. Na swali lako kwangu ni namna ya kulipamba hilo. Siwezi kukusaidia kulipamba, na wewe acha kujaribu.

Ukimaliza kusoma hapa, inuka. Zima kile kiyoyozi. Bandua selotepu, toa sponji, fungua dirisha, hata kama litaingiza joto na vumbi. Mhamishie mama kwenye kitanda chako cha upande wa barabara, umwekee na jagi la maji, umwone anakunywa. Lile kopo la marashi litupe, kifua chake kina kazi ya kutosha. Kisha mpigie fundi aje aoshe kila kitu, chujio, feni, kitrei na bomba, na mama asiwe chumbani wakati uchafu unatolewa. Mwambie na yeye kwamba mama hana neno na kelele.

Kesho mpeleke mama kwa daktari. Usiseme tu "anakohoa". Mweleze habari ya ukungu, na mweleze kwamba amekuwa akijinyima maji. Mzee anayeacha kunywa maji kwa aibu anaweza kukuangukia wakati wowote, na hapo nyonga itakuwa habari ndogo. Mashine ikishakuwa safi, chujio utaliosha mwenyewe kila wiki mbili, chini ya bomba, ni kazi ya nusu saa. Dirisha lifunguliwe asubuhi na jioni kila siku, kwa sababu kiyoyozi kinapooza hewa iliyomo tu, mpya hakileti.

Kisha kuna kusema, na najua hapo ndipo unapoogopa. Wa kwanza kuambiwa ni mama, kabla ya mumeo. Usiseme "tumegundua." Sema "nimejua tangu Jumanne ya wiki iliyopita." Na usimlilie, usije ukamfanya yeye ndiye wa kukubembeleza. Jioni hiyo hiyo mwambie mumeo, na siku tisa mhesabie wewe mwenyewe. Halafu mpigie wifi yako, wewe, si mumeo, maana neno lilitoka kinywani mwako likafika kwake, basi lirudi kwa njia ile ile. Mama akishasafishwa jina, akae anapotaka yeye. Na chumba chako, kama bado unakitaka, mwombe mumeo kwa mdomo, mchana kweupe.

Usiniandikie kabla hujamaliza yote.

Mshauri


Ujumbe ufuatao ulitufikia siku kumi na sita baada ya jibu kutoka. Tunauchapa kwa ruhusa ya aliyeuandika.

Mshauri, nimemaliza yote.

Nilimwambia mama akiwa ameketi kitandani kwangu na glasi ya maji mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mashine?"

"Mashine, mama."

"Si mimi."

"Si wewe, mama."

Akanywa yale maji yote, akaomba mengine. Nilipomletea akasema, "Na wewe ulijua." Nikasema nilijua. Hakunisemesha tena siku mbili.

Mume wangu ananijibu ndiyo na hapana, hajaongeza neno la tatu. Wifi alipokata simu sikujua amekasirika au analia, lakini kesho yake asubuhi alikuja, akaketi sakafuni miguuni pa mama, wakakaa hivyo muda mrefu, mimi nikabaki jikoni. Daktari amempa mama dawa ya kuvuta, kikohozi kimepungua ila hakijaisha. Fundi alitumia saa tatu. Maji yaliyotoka kwenye ile mashine yalikuwa meusi kama ya mkaa, na niliyabeba mwenyewe, ndoo nne.

Nilimwomba mama abaki. Mume wangu akamwomba, wifi naye akamwambia achague anavyotaka. Mama akasema, "Nitakwenda. Lakini wote mlioambiana habari zangu nendeni mkaambiane na hii: naenda kutembea, sihamishwi. Nikichoka nitarudi, na nikirudi dirisha langu lisizibwe."

Alisafiri Jumamosi. Chumba kile hatujakihamia.