Wingu Ambalo Halikuwepo

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie, maana nimemdanganya dada yangu na sijui nimrudie kwa uso gani. Nina miaka sitini na tisa, mchora ramani za nyumba mstaafu, naye ana sabini na saba na macho yake yamezima. Ndiye aliyenilea, na miaka arobaini na mitano iliyopita tuliukimbia mji wetu pamoja tukiwa na sanduku moja, hatujarudi, na njia ya kurudi haipo.

Miaka mitatu iliyopita binti yangu aliniletea programu ya kompyuta ya kujifunzia urubani, na usukani na pedali zake, nami nikaufanya mchezo kuwa shule, nikajifunza kupaa, kushika mwelekeo kwa dira, kukadiria upepo wa ubavuni unanisukuma kiasi gani, na kujua nilipo kwa kasi na dakika tu, kwa sababu nilitaka kufika nyumbani kwa hesabu yangu mwenyewe. Dada akasikia mngurumo. “Unakwenda wapi peke yako, we mtoto?” Tangu hapo huketi kuliani kwangu kwenye kiti cha jikoni, ameshika saa ya mfukoni isiyo na kioo, anapapasa mishale na kunitajia dakika. “Kumi na mbili, rubani. Mto uko wapi?” Nami humwambia ninachokiona kwenye skrini, bila kuongeza wala kupunguza. Siku niliyosahau kurekebisha kipima mwinuko tukagonga kilima, alicheka mpaka akakohoa: “Haya, umeniua. Chai atakupikia nani?”

Programu ina ramani ya dunia nzima, basi kila Jumamosi alasiri tulisogea kipande kimoja kuelekea mji wetu, kikabaki cha mwisho, dakika thelathini na nane kutoka daraja la reli tulipoishia. Nikakiruka kwanza peke yangu. Kiwanja cha ndege kipo pale pale, mshauri, lakini mji haupo. Waliotengeneza programu wameweka nyasi tupu, hakuna mtaa wetu, hakuna nyumba yenye ngazi tatu alizokuwa akizipiga deki kila asubuhi.

Jumamosi iliyopita, dakika ya thelathini na moja, nikamwambia wingu limefunga, tunageuza. Akaniuliza: “Wingu gani hilo, lililosubiri mpaka nikasema tunakaribia?” Akaiweka saa mezani, na hajakikalia tena kile kiti. Daktari anasema moyo wake umechoka, siku si nyingi. Binti yangu ananiambia, “Baba, mwelezee nyumba kama ilivyokuwa, shangazi hataona.” Nimwambie nyasi nimvunje moyo, au nimpe nyumba ya uongo?

Rubani wa Sebuleni

*

Shikamoo, mzee wangu. Heshima nimekupa, sasa niruhusu nikugombeze.

Umesoma miaka mitatu kwamba rubani aliye ndani ya wingu huziamini saa za vipimo zilizo mbele yake. Dada yako yumo ndani ya wingu kila siku, na saa yake ni wewe. Kilima mlichokigonga alikicheka kwa sababu lilikuwa kosa la kweli. Hili la juzi ulilipanga.

Nakuelewa. Uliziona zile nyasi peke yako, ukaumia, ukataka umkinge. Lakini usiseme unamwogopea yeye tu. Na wewe hutaki kuitua ndege pale.

Na binti yako umwambie, kwa upole, kwamba shangazi huyo haoni, lakini anasikia sauti yako inapobadilika. Nyumba ya uongo haitadumu hata dakika mbili.

Tena zile nyasi si habari za mji wenu. Aliyeziweka hajawahi kufika, akakuta pengo, akalijaza. Wewe hujui leo kuna nini pale, naye dada hajui. Mwambie hivyo hivyo.

Fanya haya. Leo, kabla hujala, nenda chumbani kwake ukamwambie: “Dada, hapakuwa na wingu.” Akikufokea, fokewa. Jumamosi mrudishie saa mkononi, urushe ndege mpaka mwisho, utue, umwambie ni nyasi. Kisha zima injini, chukua karatasi na penseli, umuulize ngazi zilianzia wapi. Umechora nyumba za watu maisha yako yote. Hii ichore, naye akusimamie, akukosoe, mbishane dirisha lilipokuwa.

Ila mkiwa bado angani usimwambie kwamba mmefika. Dakika ya thelathini na nane ni yake kuitaja.