Ukurasa wa Pili wa Waraka

Jumanne, 2 Machi 2004

Nimeficha ukurasa mmoja kwa miaka kumi na miwili.

Mwaka 1992 nilikuwa afisa wa ardhi Kajiado. Tulikuwa tunagawanya ranchi ya pamoja kule Kisaju, waraka ukaja kutoka Nairobi. Kurasa mbili. Wa kwanza: mashamba yaandikwe kwa majina ya wanaume wenye familia. Nikaubandika ubaoni, nyuma ya kioo, na muhuri wangu juu yake. Wa pili ulisema huo ni mwongozo tu. Afisa akiona sababu, anaweza kumwandikisha mjane kwa jina lake, mradi aieleze Nairobi kwa barua. Huo niliutia kwenye mkoba wangu.

Mama Kisemei alikuwa mjane. Hajui kusoma. Aligusa kioo, akaniuliza karatasi inasemaje. Nikamjibu: sheria imekataa, mama. Akaitikia, akaenda. Shamba likaandikwa kwa jina la shemeji yake. Likauzwa kabla ya mvua.

Jumatano, 3 Machi

Kifua kizito. Binti yangu Dolphine amenipikia uji, nimeacha nusu.

Kisemei amekuja hapa Noonkopir. Mtu mzima sasa, ana ndevu! Akanisalimu Kimaasai: Sopa, mzee. Kesi ya mama yake inasikizwa Jumatatu. Ofisi inasema waraka ulifunga mikono yao. Wakili wao, Gakuru, ameona faili: ukurasa mmoja tu. Mzee, wewe ulikuwa huko, unakumbuka kama ulikuwa na mwingine?

Nikasema uzee umeniibia kichwa. Dolphine akacheka: huyu? Huyu anakumbuka jina la mbwa wa DC wa mwaka sitini na nane!

Kisemei hakucheka.

Ijumaa, 5 Machi

Pumzi chache. Hakuna zaidi.

Jumamosi, 6 Machi

Nimemwomba Dolphine ateremshe mkoba kutoka juu ya kabati. Ukurasa upo, kutu ya pini imeula pembeni. Ameusoma amesimama. Baba, hii si sheria. Ndiyo. Na ulijua? Nilijua. Akaenda jikoni. Hakurudi upesi.

Tulizoea hivyo. Kila waraka tuliuita sheria. Ukimwambia mwananchi ni mwongozo, atauliza maswali. Ukimwambia sheria, anachukua kofia yake na kwenda.

Jumapili, 7 Machi

Kisemei na mama yake wamekuja baada ya ibada. Mama Kisemei amekonda. Alinisalimia kabla sijamsalimia — hilo limeniuma.

Nimempa Kisemei ukurasa. Gakuru ametuma maelezo nitie sahihi. Ameacha mstari mmoja wazi: sababu ya kuuondoa.

Kisemei hakupaza sauti. Nani alikupa kitu, mzee? Ni baba mdogo? Ni mkubwa wako? Sema tu, wakati ule kila mtu alikula. Mama yake naye: kama shemeji alikupa ng'ombe, mimi nitaelewa. Dolphine ananitazama, anataka nitaje jina. Jina lolote.

Nimeomba dakika chache. Wako sebuleni na chai.

Hakuna jina. Hakuna aliyenipa hata kikombe cha chai. Ilikuwa Ijumaa, wajane kumi na wanane kwenye orodha, na kila mmoja alihitaji barua yake. Sikutaka kuziandika.