Chupa ya Mkwe

Jumatatu, Nangurukuru

Mgongo hauna hali. Nimebadilisha mabasi kutoka Njombe hadi hapa, na baridi ya kule bado imo mifupani.

Binti yangu Zuhura kaolewa na watu wema, sikatai. Wana shamba la zabibu, wanatengeneza mvinyo wenyewe, na katikati ya mizabibu wamejenga jukwaa la muziki. Juzi wageni walicheza nje kwenye baridi ile, mimi nimejigubika blanketi nikingoja Isha.

Mama mkwe wake akaniletea glasi. "Mkwe, hii juisi ya zabibu nimekamua asubuhi mwenyewe, kwenye sufuria mpya. Si pombe."

Nikaipokea, nikamrudishia. Nyumba ya mvinyo, nitajuaje? Zuhura akainamisha kichwa.

Mkwe mwenyewe hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma. Wakati wa kuondoka akanifungia chupa ya juisi ile ile kwenye kanga. "Utakunywa kwako."

Leo nikasema basi, ninywe, nimshukuru. Kufungua tu, povu likanirukia hadi kwenye baibui. Joto la njiani limeichachua, imegeuka pombe. Nimeimwaga uani.

Kabla sijanawa akapiga simu. "Umekunywa, mkwe?"

"Nimekunywa. Tamu sana."

Ile glasi ya halali niliirudisha mkononi mwake.